Panya wa Ritha

Anastasia alitangulia kuzaliwa, akatangulia kufaulu, na mtu yeyote pale Manyoni aliyesahau hilo alikumbushwa. Mwaka aliochaguliwa kwenda kidato cha tano ndio mwaka baba yao alipopunguzwa kazi reli. Ritha, mdogo wake, alikuwa anamfuata nyuma kwa darasa moja. Baba aliwaita wote wawili, akasema nyumba ile inaweza kusomesha mmoja tu.

"Anastasia ana nguvu, hatashindwa maisha," alisema. "Huyu Ritha jembe hawezi, mzigo hawezi. Bora asome."

Basi aliyekuwa na nguvu akaadhibiwa kwa nguvu zake. Anastasia aliingia sokoni kuuza mafuta ya alizeti, wakati ule mashine za kukamua za watu binafsi zilipoanza kuota kila kona. Aliolewa, akazaa, akaachika, akarudi kumtunza mama baada ya baba kufariki. Ritha alisoma mpaka akapata ufadhili wa kwenda Ulaya.

Aliporudi likizo, mama alimpikia wali na kumchinjia jogoo. Anastasia ndiye aliyemshika huyo jogoo, akamnyonyoa, na kukaa jikoni macho yakimwasha kwa moshi. Sebuleni alimsikia Mzee Antipasi, aliyefanya kazi na baba yao reli, akiuliza:

"Sasa mwanangu, huko Ulaya unafanya kazi gani hasa?"

"Nafanya utafiti wa saratani ya ngozi, baba. Tunatumia panya."

"Panya hawa hawa?"

"Hawa hawa, ila tumewabadilisha vinasaba. Yale maagizo ya mwili ambayo mtoto anarithi kwa wazazi, tunayagusa panya angali yai. Akizaliwa, ngozi yake inaweza kuota saratani kama ya binadamu, nasi tunaiona inavyoanza."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sisi huku tunawatega, wenzetu wanawatibu!"

Mama naye alicheka, kicheko kirefu chenye fahari, ambacho Anastasia hakukumbuka kukisikia tangu msiba wa baba. Aliingia na sinia, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Waliokula gunia langu la alizeti hawakuwa na daktari," alisema, akatoka.

Kila siku iliongeza lake. Majirani walimsalimia Ritha kabla yake. Watoto wake mwenyewe waligombea kulala na mama mdogo. Mama, ambaye kwa Anastasia alikuwa na maagizo tu, lete maji, anua nguo, kwa Ritha alikuwa na maswali: umelala vizuri? umeshiba? Anastasia alihesabu hayo yote moyoni, na moyo ukawa mzito kama debe lililojaa.

Jioni moja alikuwa uani ananawa miguu baada ya kutoka sokoni. Alikuwa ameinua mguu wa kushoto, anausugua taratibu, kwa sababu kisigino kilimuuma. Ritha alikuwa anapita na ndoo. Alisimama.

"Dada, hicho nini?"

"Nini?"

"Hapo kisiginoni. Hilo doa."

Lilikuwa doa jeusi, pana kuliko kifungo cha koti, kingo zake zimekwenda ovyo, na katikati limeanza kuchubuka. Anastasia aliurudisha mguu kwenye kandambili.

"Nilikanyaga mwiba."

"Lini?"

"Siku nyingi."

Ritha alichuchumaa, akanyoosha mkono. Anastasia alimsukuma begani, Ritha akakaa chini matopeni.

"Usiniguse! Mimi si panya wako!"

Mama alitoka ndani kuuliza kuna nini. Anastasia alimpita mlangoni, akaingia ndani.

Siku zilizofuata Anastasia alivaa soksi. Alijiambia kwamba Ritha anatafuta pa kuonyesha elimu yake, na kwamba amekosa mahali pengine isipokuwa mguuni kwake. Lakini kila alipobaki peke yake alilitazama lile doa, na lilionekana limesogea. Mwishowe alimfuata Ritha alipokuwa amekaa anabangua karanga, akakaa kando bila kumtazama.

"Hao panya wako," alisema, "ugonjwa huwaanzaje?"

Ritha aliendelea kubangua. "Huanza na doa. Zile chembe zinazoipa ngozi rangi zinaanza kuzaliana. Kuna jeni moja, katika vile vinasaba nilivyosema, inayozisukuma, kama mafuta ya gari. Nyingine inazizuia, ndiyo breki. Tukiharibu moja tu, mara nyingi panya haumwi kitu. Tukiharibu zote mbili, doa linakuwa uvimbe, uvimbe unazama ndani."

"Na jua? Nasikia ni ugonjwa wa wazungu, wa jua."

"Wao wengi ni jua. Sisi weusi mara nyingi hutuanzia nyayoni, mahali jua halifiki."

Anastasia aliivuta soksi juu. "Halafu panya anakufa."

"Wengine. Kuna tuliowatengeneza ile jeni iwake tukiwawekea dawa kwenye maji. Tukiiondoa dawa, inazima, na uvimbe unasinyaa. Nimeuona kwa macho yangu."

"Unasinyaa wenyewe?"

"Wenyewe."

Anastasia alicheka, kicheko kibaya. Aliwahi kuuonea wivu uzuri wa wanawake wengine, waume zao, nyumba zao za bati. Sasa alijikuta anamwonea wivu panya.

"Kwa hiyo panya ana bahati kuliko mimi. Mimi maji yangu yako wapi?"

Ritha aliweka ungo chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Hayapo, dada. Yule panya tulimwashia wenyewe, ndiyo maana tunajua kumzima. Kwako kuna kisu tu, na kisu kinasaidia kama doa halijazama."

Mbuzi wa jirani alikuja kunusa karanga, Anastasia akamfukuza.

"Kesho tutakwenda hospitali," alisema. "Lakini usije ukawaambia watu kwamba umenipeleka wewe. Nimekwenda mwenyewe."

Katika hospitali ya misheni daktari alimpapasa kinenani, hakukuta mitoki, dalili kwamba ugonjwa umesambaa. Alilikata doa na nyama iliyolizunguka, akaziba kidonda kwa ngozi ya paja, na kipande kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa.

"Angalau kisigino changu kimefika Dar kabla yangu," Anastasia alisema, na nesi akacheka.

Ritha aliahirisha safari. Alishika meza ya sokoni, na Anastasia, amelala na mguu juu ya mto, aliletewa sifa na kila aliyekuja kumjulia hali: mdogo wako ana lugha nzuri, mdogo wako amepanga chupa zikapendeza. Sifa hizo zilimuuma kuliko kidonda. Aliposikia Ritha amehamisha meza kivulini, aliomba magongo aende kuirudisha.

Majibu yalirudi kabla Ritha hajaondoka. Ilikuwa saratani, lakini haikuwa imezama sana. Daktari alitaka kumwona tena mara kwa mara, ila alisema wamewahi. Mama alipiga magoti sakafuni akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Ritha. Anastasia alisikia yote mawili.

Asubuhi ya safari alimsindikiza mdogo wake stendi kwa magongo, akikataa kushikwa mkono. Basi lilikuwa linaunguruma, utingo anagonga bati.

"Ritha," alisema, "wivu haujaisha. Nisikudanganye."

"Najua, dada."

"Ile nafasi ilikuwa yangu."

"Najua. Sijawahi kusema si yako."

Anastasia hakuwa ametegemea jibu hilo. Miaka yote alijiandaa kubishana, na sasa hapakuwa na wa kubishana naye. Aliegemea gongo moja, akamwekea Ritha kola ya blauzi vizuri, kama alivyokuwa akifanya wakienda shule.

"Ingia ndani, utakosa kiti," alisema. "Na ukifika, mpigie mama. Atanipa nami nikusikie."