Majani ya Mchungwa wa Kanini

Siku kipepeo yule alipoingia bomani, Kasyoka alimkaribisha. Ndiyo, kwa mdomo wake mwenyewe, na hilo atajilaumu nalo mpaka kaburini. Huku upande wa Tawa, kipepeo akiingia kwako watu husema mgeni yuko njiani, na mama aliyefiwa na binti yake wa pekee hana moyo wa kumfukuza mgeni.

"Karibu, karibu," alisema, akaendelea kupepeta ndengu.

Alikuwa kipepeo mkubwa, mweusi, amemwagiwa madoa ya manjano, na chini ya kila bawa la nyuma ana jicho jekundu lenye kope ya buluu. Hakutua akatulia. Alipapatika juu ya mche uliokuwa kwenye ndoo kuukuu kando ya jikoni, akagusa jani kwa ncha ya tumbo, akaruka, akagusa lingine. Kasyoka aliona mapenzi. Kumbe mwenzake alikuwa anataga!

Mche wenyewe haukuwa mche wa kuchezea. Kanini alipokuwa darasa la pili alitema mbegu ya chungwa nyuma ya jikoni, na kila asubuhi alinawia uso hapohapo mpaka ikaota. Mti ukakua, ukazaa machungwa madogo ya ngozi nyembamba, matamu ajabu. Kisha Kanini akachukuliwa na homa ya siku tatu, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mvua nazo zikakosekana misimu miwili, mti ukakauka tawi baada ya tawi. Lilipobaki tawi moja bichi, Kasyoka alimkimbilia Muindi, fundi wa kupandikiza miche, naye akakata vitawi sita na kuvifunga kwa nailoni juu ya mashina ya limau. Vitano vilikufa. Kimoja kikashika, kikatoa majani kumi na saba. Usimuulize Kasyoka aliyahesabu lini, maana aliyahesabu kila siku. Hicho ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa bado kinaishi kutoka mkononi mwa Kanini.

Baada ya wiki moja hivi aliona vinyesi vya ndege juu ya majani. Vitatu, vidogo, vyeusi vyenye baka jeupe katikati. Akafurahi, masikini. Ndege walikuwa wamehama na ukame, na wakirudi mvua haiko mbali. Isitoshe, kinyesi cha ndege ni mbolea. Angekigusa kimoja kwa kidole tu, kingejikunja. Hakugusa.

Ndipo simu ikaja kutoka Mwingi kwamba dada yake ni mgonjwa. Alimwachia jirani yake, Kalunde, kazi ya kumwagilia, na akamkanya mara tatu: "Maji shinani tu. Majani usiyaguse, hata ukiona nini."

Kalunde alitii, tena sana. Siku ya kumi na moja Kasyoka aliporudi, hakuweka hata kikapu chini. Kwenye ndoo palisimama kijiti. Hapakuwa na jani hata moja, na kilele laini kilikuwa kimetafunwa mpaka karibu na nailoni. Viwavi watatu wanene wa kijani, wa urefu wa kidole, walikuwa wamekishikilia.

"Woi! Kalunde! Woi, Ngai, Mungu wangu!"

"Mama Kanini, si ulisema nisiguse? Hawa nao walikuwa kama mavi ya kuku, juzi tu ndio wamekuwa kijani. Nikasema, labda wewe unawajua."

Kasyoka aliwaponda wawili chini ya kiatu. Alipombana wa tatu, kiwavi alijikaza, na nyuma ya kichwa chake zikachomoza pembe mbili laini, nyekundu. Harufu ikamjaa Kasyoka puani. Ilikuwa harufu ya machungwa yaliyoiva kupita kiasi, ile ya nyuma ya jikoni wakati Kanini alikuwa akiokota yaliyoanguka. Akakaa mavumbini, kiwavi bado mkononi.

Muindi alikuja kesho yake. Alikwaruza kijiti kwa ukucha. Juu ya nailoni palikuwa na rangi ya kahawia, pakavu. Chini yake palikuwa kijani.

"Mwaitu, mama yangu, limau liko hai. Chungwa limekufa," alisema. "Hata kijiti kikichipua, kitakuzalia malimau."

"Kata kingine."

"Nikate wapi, mwaitu? Ule mti mkubwa si uliisha?"

Muindi akamwona yule kiwavi aliyebaki kwenye ukuta wa jikoni, akavua kandambili ampige. Kasyoka akamshika mkono kwa nguvu ambayo Muindi hakuitarajia kwa mama wa umri wake.

"Mwache. Majani ya Kanini yako ndani ya huyo."

Ukisema huo ni wazimu, sawa, sema. Lakini ungeokota nini mahali pake? Kiwavi alitulia kwenye mwimo wa mlango, akajifunga uzi kiunoni kama fundi wa stima juu ya nguzo, akajivua ngozi na kuwa kifuko kigumu. Muindi alimwambia huchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kasyoka akaleta kigoda. Kuku aliwafungia. Kanisani hakuonekana Jumapili mbili, na mchungaji alipotuma kina mama kumwombea, aliwapa chai nje ili wasigonge mlango. Alichotaka ni kidogo tu: akione kikifunguka, kiruke, kiende mahali popote kikiwa na kitu cha mwanawe.

Siku ya kumi na nne kifuko kikawa cheusi. "Mabawa hayo!" alimwambia Kalunde, na Kalunde aliona meno yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wakamwita Muindi aje ashuhudie.

Muindi aliinama akatazama muda mrefu. Ubavuni mwa kifuko palikuwa na tundu dogo, tundu la sindano. Kikatoka kidudu kinachong'aa, kidogo kuliko sisimizi, kikajipangusa mabawa. Kikafuata kingine. Vikatoka kumi, vikatoka thelathini.

"Ni nini hivyo?" Kasyoka aliuliza.

"Ni jamii ya nyigu, mwaitu. Hutaga ndani ya kifuko kikiwa bado laini. Walikuwa humo siku zote hizi, wakimla."

"Kipepeo yuko wapi?"

"Hakuna kipepeo."

Kasyoka alikigusa kifuko kwa kidole. Kikavunjika kama ganda la njugu, kitupu. Alijaribu kuwafuata wale nyigu kwa macho ajue wanakoelekea, lakini walikuwa wadogo mno, hakuona hata mmoja.

"Rudini nyumbani," aliwaambia. "Asanteni kwa kuja. Leo ndiyo nimemzika."