Mgonjwa wa Mfuko

Ephrasia alimlea mdogo wake Anatory tangu mama yao alipofariki, akamfunza kupalilia migomba, kusali rozari na kusalimu wakubwa. Ujasiri tu ndio uliokataa kumwingia. Sasa Anatory alikuwa karani kwenye kiwanda cha kahawa mjini Bukoba, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na nyumba ya bati kule Kibeta, na redio ya betri aliyoitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Mke ndiye hakuwa naye. Klaudia alikuwa amerudi kwao Muleba, na hii ilikuwa wiki ya sita.

Kisa chenyewe hakikuhitaji mpiga ramli. Masika ya mwaka ule, mwaka wa tano tangu Azimio, mtoto wao wa pekee, Mujuni, alikufa kwa homa akiwa na miezi saba. Walimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba. Kesho yake Anatory alikwenda kazini, na kesho kutwa vilevile, na tangu siku ile jina la mtoto halikutoka tena kinywani mwake. Klaudia alipolia jioni, mume alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Mama wa watu analilia mwanawe, na nyumba nzima inasikiliza bei ya pamba. Klaudia alivumilia miezi miwili, kisha akafunga nguo zake akapanda basi.

Mambo haya yana njia yake kwa Wahaya. Mke akirudi kwao kwa uchungu, mume humfuata. Huenda mwenyewe na ndugu yake mmoja, na mbuzi, na kibuyu cha lubisi, maana kwa wakwe huwezi kwenda bila pombe ya ndizi. Huketi chini kwenye nyasi mbele ya wazee, akaulizwa amefuata nini na kwake kumeharibika nini, naye hujibu kwa mdomo wake. Wakwe humsema mpaka jasho limtoke. Akijibu kiungwana, lubisi hunywewa na mke hurudi. Gharama ni ya mume peke yake, lakini hakuna anayeandika neno, na yaliyosemwa pale hubaki pale.

Ephrasia alikuwa amekwisha kwenda Muleba peke yake kupima maji. Klaudia hakutaka makuu. Alisema wifi yake amwambie Anatory aje, aketi, amtaje mtoto mbele ya watu, basi. Siku hiyohiyo atarudi naye. Ephrasia aliporudi kwake Kagondo alivundika ndizi za lubisi bila kumwuliza mtu. Kazi yote ikabaki kuwa moja tu, Anatory kupanda basi.

Anatory hakupanda. Alimwambia dada yake kwamba kiwandani kuna Mfuko wa Ustawi, ambao humkata kila mwezi, na miaka minne hajaugua hata mafua. Mfuko ule una bwana mshauri aliyesomea matatizo ya familia, anayeweza kuwakalisha mume na mke mara sita bila malipo. Kwa nini basi aache haki yake akanunue mbuzi? Halafu akapanda jukwaani kabisa. Alisema kupeleka pombe kwa wakwe ni mabaki ya ukabaila, na kwamba mjamaa hampigii mtu magoti. Ephrasia alimwuliza tangu lini woga umekuwa siasa. Alijua vizuri kwamba hata mbuzi angepatikana bure, huyu angetafuta sababu nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mdogo wake alikuwa anatafuta wa kuinama badala yake.

Mshauri mwenyewe, kijana mpole aitwaye Datius, alikuja Kibeta na fomu. Alieleza taratibu huku akiona haya kidogo. Mfuko haulipii ugomvi, unalipia ugonjwa. Kwa hiyo lazima katika nyumba ile apatikane mtu mmoja mgonjwa, aandikwe jina na maradhi yake, fomu ipite kwa meneja, kwa mhasibu na kwa daktari wa kiwanda. Ephrasia aliuliza kama mtu akifiwa na mtoto anaitwa mgonjwa. Datius akasema hapo ndipo panapomsumbua hata yeye, na kwamba kama angeulizwa, angeshauri mume amfuate mkewe kwanza. Hakuna aliyemwuliza. Anatory alikuwa amekwisha kuchomoa kalamu, akaandika upesi huku ameikinga karatasi kwa kiwiko.

Ilibaki mgonjwa kutia sahihi. Anatory akasema Jumamosi hiyo ana mkutano wa tawi la chama, na kwa kuwa Mfuko unalipa nauli ya mshauri, basi Datius aende. Ephrasia alitamani kumzaba kibao, lakini mtu wa miaka thelathini na mbili hazabwi kibao. Mwishoni alisema mgeni hawezi kuingia kwa wakwe bila mtu wa ukoo, akabeba kibuyu chake cha lubisi, akafuatana na kijana yule. Moyoni alijidanganya kwamba huenda pombe ile ingefunika aibu.

Mzee Mutembei, baba yake Klaudia, alikuwa amejiandaa. Uani palikuwa pamefagiwa, ndani nyasi mpya zimetandazwa, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilikuwa tayari kwa mkwe. Walipoingia wawili hao, mzee alitazama nyuma yao mlangoni, akangoja kidogo, kisha akaelewa. Hakuwafukuza. Aliwapa kahawa, akawauliza habari za Bukoba.

Klaudia alikuja akapiga magoti kumsalimu wifi yake. Naye alitazama mlangoni. Ephrasia aliona uso ule ulivyokuwa na tumaini na ulivyoachwa na tumaini, akaona haya kuitwa dada wa mtu.

Datius alieleza alichojia. Klaudia, aliyesoma kwa masista hadi darasa la nane, alinyoosha mkono akaichukua fomu akaisoma mwenyewe, kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake asiyejua kusoma.

"Jina la mgonjwa: Klaudia binti Mutembei. Maradhi: kulia ovyo na kuacha nyumba. Chanzo cha maradhi: hakijulikani."

Alirudia neno lile la mwisho, polepole. Mzee Mutembei akauliza ni nani aliyeyaandika hayo. Datius alijibu akitazama viatu vyake kwamba ni mume.

"Hakijulikani," alisema Klaudia mara ya tatu. "Alilichimba yeye lile kaburi, wifi. Nani mwingine ajue?"

Aliomba kalamu ya Datius. Akalikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Mujuni. Pale pa sahihi hakugusa. Kisha akamwambia Ephrasia arudi na lubisi yake, kwa sababu anampenda na hataki aaibike kwa kulipa deni la mwingine. Kuhusu Anatory alisema maneno machache.

"Asipoweza kuja mwenyewe, akiliona hili neno ataelewa. Akilisema tu, hata huko huko aliko, mje mniambie. Nitakuja kwa miguu."

Katika basi kibuyu kilikuwa kizito mapajani mwa Ephrasia, naye alimchukia mdogo wake kwa chuki safi kabisa, ya mtu aliyemfuta kamasi.

Jumatatu asubuhi alikwenda kiwandani mwenyewe. Hakutaka kusimuliwa. Datius aliiweka fomu juu ya meza ya Anatory, akarudi nyuma hatua moja. Ephrasia alimweleza ndugu yake aliyoyasema Klaudia, yote, pamoja na hilo la kuja kwa miguu. Makarani wengine wakaacha kuandika.

Anatory aliinama. Alilitazama lile jina kwa muda, midomo yake ikasogea kidogo. Ephrasia aliiona ikisogea, na pamoja na hasira zake zote alishika ukingo wa meza akaomba kimoyomoyo, sema, mdogo wangu, sema mara moja tu, mimi nitakimbia mpaka Muleba.

Anatory aliinua uso, akarekebisha kola ya shati lake.

"Datius," alisema, "fomu iliyokatwa hivi mhasibu hawezi kuipokea. Nitolee nyingine, iliyo safi."