C na H Wake

Shule iliwapanga watoto upya kwa maksi za mtihani: wepesi A, wa kati B, wazito C. Mjukuu wangu wa mwisho akaangukia C. Kesho yake akagoma kuvaa sare.

"Siendi, bibi. Dada anasema A ni ya akili, C ni ya chizi!"

"Mdomo wa dada yako hauna likizo," nikamwambia. "Mimi nilisoma miaka mitatu tu, lakini herufi nilizishika. Hebu niandikie maneno yenye C."

Akaandika: chai, cheka, chumba.

"Umeona? C hatembei peke yake. Kila aendako ameshikana mkono na H. Nenda ukamtafute H wako humo darasani."

Alicheka, na huku anacheka akavaa sare.

Jioni alirudi na msichana mwembamba wa darasa lake.

"Shikamoo bibi. Mimi ndiye H."

"Marahaba, H! Karibu."

Huyo hesabu alizijua, kusoma ndiko kulikomshinda. Mjukuu wangu alikuwa kinyume chake. Wakakaa mkekani, mmoja anasoma swali, mwingine anakokotoa, wakibishana nyumba nzima ikasikia.

Dada mtu akachungulia mlangoni. "Na mimi wa A, nikae wapi?"

"Kaa hapa, baada ya H," mdogo wake akamjibu. "C, H, A. Imebaki I tu, tupate chai!"

Nikainuka kubandika maji. I nilikuwa mimi.