Mkebe wa Mama Obura

Mwaka 1979 watu wa Makongeni, mtaa wetu hapa Nairobi, walijua sababu tatu za mtu kupanda ndege: masomo, matibabu au kazi ya serikali. Kwenda kutazama kitu tu na kurudi haikuwa sababu. Kwa hiyo waliponiuliza Ulaya nafuata nini, nilisema kozi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na niliutoa bila hata kukohoa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kuona mnara wa taa. Kazi yangu ilikuwa taa za ishara za reli: kujaza mafuta, kukata utambi, kufuta vioo mpaka vitakate. Katika chumba chetu cha kazini palikuwa na kalenda kuukuu aliyoiacha msimamizi mmoja Mskochi, yenye picha ya mnara mweupe juu ya mwamba, wa kuonyesha meli njia kule kwao. Miezi ya kalenda ile iliisha zamani. Picha niliibakiza ukutani nikaitazama miaka kumi na minne, na wenzangu wakasema nimeoa karatasi. Wacheke. Niliuza ng'ombe wawili alioniachia baba, nikaongeza akiba yangu, nikakata tikiti ya wiki moja.

Sasa, mtaani kwetu huwezi kusafiri kivyako. Kila mwenye mtoto ng'ambo atakuletea kifurushi. Mama Obura, mjane aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, aliniletea mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojaa njugu za kukaanga na nyama iliyokaushwa juani, mfuniko ameufunga kwa kipande cha leso yake. Mwanawe Obura alikwenda Glasgow kusoma uhandisi, na kwa miaka mitatu hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Mchungaji alikuwa ameshaandaa barua kwa kanisa moja la kule ili wamtafute. Mama akamwomba asiitume kwanza.

"Barua ni karatasi," alisema, akininyoshea kidole. "Phares ni mtu. Ataenda na macho yake."

Basi la kukodi likatubeba sote hadi uwanja wa ndege, kwaya ikaimba, na Mama Obura akanishika mikono yote miwili mbele ya watu. Nikamwahidi.

Nilifika Glasgow Jumatatu. Anwani ya Obura nilikuwa nayo mfukoni, na nyumba yenyewe, niliambiwa, ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nikajiambia nitaanza na mnara, kisha nikirudi nitamtafuta kwa utulivu. Ukitaka kunijua nilivyo, nijulie hapo.

Mnara ulikuwa safari ya nusu siku, treni halafu basi, nikapanga chumba kijiji cha jirani. Jumanne sikuona kitu kwa ukungu. Jumatano vilevile. Alhamisi, siku niliyopanga kurudi kwa Obura, ukungu uliondoka asubuhi nami nikauona. Nililia, jamani, mtu mzima na ndevu zangu. Mlinzi wa mnara, mzee mmoja mpole, aliniuliza kazi yangu, nikamwambia nafuta taa za reli Nairobi. Akanipa mkono kwa mara ya pili. Akasema kesho anasafisha vioo vya juu, nikitaka nije nimsaidie. Ndege yangu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilijua kabisa kwamba nikibaki, Obura simwoni.

Nilibaki. Nilipanda ngazi zote, nikashika kitambaa, nikafuta kioo kirefu kunishinda mimi, na sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu. Njaa iliponishika tulikaa palepale juu nikafungua mkebe. Mzee nilimpa njugu. Nyama niliila mimi, yote, nikalamba na vidole. Hilo ndilo ninaloona haya kulisimulia kuliko uongo wote: kwamba nilikula chakula cha mtoto wa watu, na kikanishukia vizuri.

Nairobi walikuja tena kunipokea. Mama Obura alimpita hata mke wangu.

"Umemwona?"

Ndani ya ndege nilikuwa nimeyapanga maneno: nilikosa nafasi, mama, unisamehe. Kisha nikaona uso wake.

"Nimemwona."

"Amekula?"

"Amekula yote. Amesema chumvi imekolea sawasawa."

Alipiga kigelegele hadi askari wakageuka. Jumapili akatoa ushuhuda kanisani, na barua ya mchungaji akaichana mwenyewe; atafutwe kwa nini mtu aliyeonekana? Akanichinjia kuku, akaketi kunitazama nikila, na kila tonge lilikuja na swali. Amenenepa? Ana ndevu? Nikampa ndevu. Nikamvisha na miwani. Kila nilipojiambia siongezi tena, niliongeza.

Miezi mitano baadaye Wangeci, binti ya Gachanja fundi cherehani, aliyeanza kusomea uuguzi kulekule Glasgow baada ya safari yangu, alikuja likizo. Mama Obura alikuwa amempelekea barua ampe mwanawe. Wangeci akairudisha, akasema bila kuficha kwamba alifika kwenye ile nyumba, na mwenye nyumba alimwambia Obura alihama mwaka wa sabini na sita bila kusema aendako. Mtaa mzima ukamgeukia yeye. Mwongo, mvivu, hakwenda! Kwenye bomba la maji wanawake wakaacha kumsalimia mama yake. Nilikutana naye karibu na duka, akanitazama usoni. Nikaviangalia viatu vyangu.

Nilivumilia siku nne. Ya tano, Jumatano mchana, nikaenda kwa Mama Obura.

"Karibu, Phares. Kaa, chai iko. Umesikia vile huyo msichana anaharibu jina yako?"

"Mama, Wangeci hakudanganya."

"Wacha kumtetea. Wewe una roho nzuri sana."

"Mimi sikuenda. Sijaona Obura. Hiyo nyumba siijui hata mlango. Chakula nilikula mimi."

Aliweka birika chini. Nilingoja anitukane, na angenitukana ningeshukuru.

"Sasa ulienda wapi?"

"Kuangalia taa ya meli."

"Taa."

"Ndiyo, mama."

"Si hata hapa kazini unaangalia taa kila siku?"

Nikaanza kumweleza ile kalenda, akanikatiza kwa mkono.

"Na hizo ndevu," akasema. "Mimi nikimwombea sasa, namwona na ndevu. Nitazitoaje?"

Nilitamani sakafu inimeze. Akainuka, akatoa daftari na kalamu chini ya mto, akaviweka mbele yangu.

"Mimi sijui kuandika. Wewe unajua. Andikia hao watu wa kanisa ya huko."

Nikaandika alivyonitajia: kwamba mwanawe ana miaka ishirini na saba, ana kovu kidevuni, na hakuna mtu wa kwao aliyemwona tangu aondoke. "Andika, yule tulituma hakuenda. Weka jina yake. Weka mahali alienda. Weka tumechelewa miezi mitano juu yake." Niliandika Phares Odera kwa mkono wangu mwenyewe.

Wanawake wa maombi ya Jumatano wakaanza kuingia, wakinisalimia kwa heshima. Mama Obura akamtuma mmoja wao akamwite Wangeci na mama yake. Walipofika wakasimama mlangoni, hawajui kama wanakaribishwa. Mama Obura akaondoka kwenye kiti chake akamkalisha Wangeci.

"Leo hatuanzi na kuomba," akawaambia. "Phares atatusomea barua."

Kisha akanigeukia mimi.

"Simama. Na usisome haraka."