Dozi ya Siku Moja

Saa mbili asubuhi, Jumatatu moja ya Juni 1992, Marcelina alifungua duka lake la dawa pale Kiabakari, akapangusa kaunta, akaiweka kamera ya video juu ya mizani mbovu. Kamera hiyo alikabidhiwa na Hyasinta, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyeamini kwamba muuzaji akijirekodi kazini, kisha akaitazama kanda na kuieleza mwenyewe, hakuna ofisi itakayoupinga ukweli wake.

Ukweli wa Marcelina ulikuwa mfupi. Msambazaji wa Musoma alimletea kopo moja la klorokwini kwa mwezi, na homa ilihitaji matatu. Ili asimrudishe mtu mikono mitupu, alimpa kila mgonjwa vidonge vya siku moja badala ya siku tatu.

"Zamani nilikuwaga natoa dozi nzima," aliiambia kamera.

Siku hiyo walikuja wateja thelathini na mmoja. Ghati alivaa gauni la kanisani kwa ajili ya video, mwanawe Burito akimuunguza mgongo kwa homa.

Jioni Marcelina na Hyasinta waliitazama kanda kwenye televisheni ya parokia. Wote walikuwamo. Jumanne jioni waliitazama tena ili Marcelina atoe maelezo, na wateja hawakuwamo. Marcelina alionekana akiisalimia hewa, akiihesabia hewa vidonge, akiihimiza hewa inywe maji mengi. Alibaki mzee Mseti peke yake, aliyenunua dawa ya minyoo, ambayo humezwa mara moja ikatosha.

"Dawa yao imeisha leo," Marcelina alieleza. Hyasinta akaandika hivyo daftarini, chini ya kichwa cha maelezo ya mshiriki.

Jumatano walipanda basi hadi Musoma na kanda yao, kuomba makopo matatu. Msambazaji, Bwana Renatus, aliwaagizia soda, akaitazama kanda yote bila kusinzia.

"Mama, siku hizi ni soko huria. Dawa inafuata wateja," alisema. "Hapa namwona mteja mmoja, tena ana minyoo."

Hyasinta alimweleza kilichotokea. Renatus hakubisha, kanda alizoletewa kutoka Bunda, alisema, nazo zilikuwa hivyo hivyo. Kisha akaandika kwamba kwa Kiabakari kopo moja linatosha.

Alhamisi asubuhi Ghati alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Homa ya Burito ilikuwa imerudi.

"Dada Marcelina, nasikia umenitoa kwenye video. Na gauni langu lote lile!"

"Leo utaonekana tena, mdogo wangu."

"Basi ungeniambia nichane nywele."

Marcelina alihesabu vidonge vya siku moja, akavifunga kwenye karatasi. Burito hakulia, alikuwa ameacha kulia tangu jana. Hyasinta aliwasha kamera na, kwa kuwa alijua wangekuwamo mpaka kesho jioni tu, akamwomba Ghati ageuke kidogo, ili uso wa mtoto uonekane vizuri.