Gozi ya Thelathini

Mwezi mzima Dokta Leonidas alipasua hewa. Alivaa ile miwani mikubwa ya kujifunzia upasuaji, iliyoletwa na wageni kutoka Dar, akashika vishikio viwili vya plastiki, akasimama katikati ya ukumbi wa hospitali akikata, akivuta, akishona, na mbele yake hamna hata panzi. Mgonjwa alikuwa ndani ya miwani, akionekana na yeye peke yake. Hilaria, mhudumu wa chumba cha upasuaji, alikuwa akipita na ndoo yake akimtazama kwa pembe ya jicho. Mtu mzima mwenye digrii, anasonga ugali usio na sufuria!

"Tisini na nane!" dokta alipiga kelele siku moja, jasho likimtiririka. "Sista, mashine imenipa tisini na nane! Mpanda nzima hamna mkono kama huu."

"Hongera, dokta," akajibu Sista Bernadetha, muuguzi wake wa vifaa.

Hilaria akainua ndoo yake. Tangu aache shule darasa la tano, maneno yalikuwa yakimfika kooni na kurudi. Lakini moyoni alisema: mkono huo hata kuku haujamnyonyoa.

Kazi yake ilikuwa kukata gozi, vile vitambaa vyeupe vya kufyonza damu, kuzikunja na kuzifunga kumi kumi. Kabla tumbo halijafungwa alizikusanya zilizolowa, akazihesabu. Zilizoingia lazima zitoke.

Jumatano asubuhi akaletwa Hana, mkulima wa mpunga kutoka Usevya, uchungu umemtesa siku mbili. Wakamchoma sindano ya ganzi mgongoni. Kiuno kikafa, kichwa kikabaki macho. Mtoto akatolewa, akalia kwa hasira, na hata Hilaria alikiri kimoyomoyo kwamba tumbo lilikatwa vizuri. Dokta akanyoosha mkono.

"Uzi. Nafunga."

"Ishirini na tisa," Hilaria akasema, amechutama juu ya gozi zake.

"Nini?"

"Gozi. Ziliingia thelathini."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena, moja moja, kwa sauti. Ishirini na tisa.

Dokta akacheka. "We dada, darasa la tano huwa mnafika thelathini? Si ulifunga tisa ukadhani kumi?"

Siku nyingine Hilaria angeinamisha kichwa. Safari hii Hana aligeuza shingo mezani, midomo imemkauka. "Dada, kuna kitu kimebaki tumboni kwangu?"

"Hamna kitu, mama, tulia," dokta akawahi. "Sista, uzi!"

Bernadetha akaichukua sindano yenye uzi.

"Sista, usimpe."

Hilaria mwenyewe alishtuka kusikia sauti ile, kumbe ni yake. Bernadetha akamtazama, akatazama zile gozi sakafuni, akairudisha sindano mezani na kuifunika kwa kiganja.

"Nyie mmechanganyikiwa?" dokta akang'aka. "Nimefanya hii mara mia mbili! Gozi ukishaitumia ukaiachia, inapotea yenyewe..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Hiyo ni ya kwenye miwani, dokta," Hilaria akasema taratibu, kama anayemwelekeza mlevi njia ya kwao. "Hii haipotei. Imo ndani ya mtoto wa watu. Ingiza mkono."

Akaingiza. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, ile mikono ya tisini na nane ikatafuta kama ya mwizi wa mahindi gizani. Hana alifumba macho, akataja jina la mama yake. Mwishowe kikatoka nyuma ya utumbo kitambaa chekundu, kimejikunja kama panya aliyelowa. Dokta akakidondosha chini bila kumtazama mtu.

"Thelathini," akasema Hilaria.

"Zimetimia, dada?" Hana akauliza.

"Zimetimia. Sasa ushonwe."

"Uzi," dokta akaomba, kwa sauti ndogo.

Bernadetha hakumpa. Alimgeukia kwanza Hilaria, akangoja mpaka mhudumu alipoitikia kwa kichwa.