Mtambo Uliolilia Jina

Asubuhi ya Jumatatu moja ya Februari 1954, Bwana Penfold alisimama ukingoni mwa mto Ruiru, saa mkononi na kapu la machungwa miguuni. Alikuwa anapima kasi ya maji. Kitabu chake kilisema mtu anayetaka kujiwekea stima yake mwenyewe aanzie hapo: atupe kitu kinachoelea mtoni, ahesabu sekunde kutoka kijiti cha kwanza hadi cha pili. Kwenye kijiti cha pili alisimamishwa mfanyakazi wake Omondi, maji yakimfika kiunoni, kazi yake ikiwa kupiga kelele chungwa likipita. Yalipita machungwa kumi na mawili. Alikatazwa kuyadaka.

Mto ulikuwa wa Penfold kwa sababu ulipita shambani kwake. Ndivyo alivyoeleza mwenyewe. Nguzo za stima zilipita ng'ambo zikielekea Nairobi, lakini yeye alisema kuomba stima ya watu ni tabia ya wanyonge. Haya yalisemwa na mtu ambaye hakuweza kuwasha taa ya mafuta bila kumwita mpishi. Basi akaagiza vyombo, vikashuka stesheni ya Thika ndani ya masanduku manne: gurudumu la chuma, dainamo, marobota ya waya, na globu thelathini na sita zilizofungiwa kwenye nyasi kavu. Akatuma kadi kwa majirani waje Jumamosi ya tarehe kumi Julai waone nyumba ikiwaka. Kadi alizituma kabla mfereji haujachimbwa hata hatua moja. Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia.

Mfereji ulichimbwa na watu wa magharibi, kwa maana Wakikuyu wa shamba hilo walikuwa wameshapakiwa kwenye malori kupelekwa kizuizini, ndiyo mambo ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Omondi wa Alego alikuwa mchimbaji wa mbele. Alhamisi moja ya Mei, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, alikuwa chini ya shimo la mtambo akisawazisha msingi, na ukuta wa shimo ukamwangukia. Tobias, nyapara wao, alikimbia hadi nyumba kubwa. Penfold alikuja na mwavuli. Alitazama udongo, akatazama simiti iliyokuwa tayari imechanganywa juu ya mbao na inaanza kushika, akasema kwa kile Kiswahili chake cha jikoni:

"Simiti nakufa kama sisi nangoja. Mwaga."

Wakamwaga. Walikuwa watu kumi na wanne, na kila mmoja baadaye alikuwa na sababu yake nzuri. Waoga hawakosi sababu nzuri.

Kesho yake karani aliandika kwenye daftari la shamba kwamba Omondi ametoroka, na barua ikaenda kwa afisa wa serikali, yule ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Huko laini, yaani kwenye vibanda vya wafanyakazi, hakuna aliyedanganyika. Watu waliendelea kuchuma kahawa na kuzungumzia mvua.

Mke wa Omondi aliitwa Benta, naye alitaka kitu kimoja tu: barua ya bwana inayosema mume wake amekufa. Bila barua hangepewa pasi, na siku hizo mtu wa laini hakupanda gari moshi bila pasi. Akifika Alego angemwambia mama mkwe, wazee wangechimba kaburi na kulaza ndani yake tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, kama wafanyavyo kwao mtu akifa mbali na mwili wake usipatikane. Baada ya hapo angelia, angenyolewa, angekuwa mjane anayejulikana ni mjane. Kwa sasa alikuwa mke wa mtoro, na mke wa mtoro hata kulia hawezi.

"Mimi iko tuma barua moja, nasema yeye nakimbia," Penfold alimwambia kwenye veranda. "Barua mbili hapana."

Jumatatu ya tarehe tano Julai, Nzioka alifungua mlango wa maji kwa mara ya kwanza. Nzioka alikuwa fundi, Mkamba aliyejifunza mashine jeshini kule Burma, mtu asiyependa maneno mengi. Gurudumu lilizunguka vizuri. Kisha mtambo ukalia. Haikuwa sauti ya chuma kukosa grisi. Ulilia kama mtoto mchanga: unavuta pumzi, unaishikilia mpaka mtu anaogopa, halafu unaanza upya. Globu hazikuwaka hata moja.

Nzioka alitia grisi. Alikaza, akafungua, akapanga vyuma vyote juu ya gunia, akavirudisha. Mtambo ukalia. Penfold akasoma kitabu, lakini kitabu hakikuwa na ukurasa huo. Siku ya pili wanawake wanaonyonyesha walianza kuvuja maziwa katikati ya kahawa kila mlango wa maji ulipofunguliwa, wakaenda kwa Tobias kulalamika kwamba magauni yanawalowa na kazi haiendi. Tobias aliandika malalamiko yao chini ya yale ya majembe.

Alhamisi, Nzioka alimwita Perez, mama mzee aliyekuwa mkunga wa laini. Perez aliinama, akaweka sikio kwenye chuma jinsi anavyoweka kwenye tumbo la mja mzito.

"Huyu analilia jina," alisema.

"Mama, nimemaliza kopo mbili za grisi."

"Grisi si jina."

Kwa kina Perez, mtoto akilia namna hiyo huitiwa majina ya marehemu, moja moja, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Aliyekufa amerudi, na amesema ni yeye. Nzioka hakuona ubaya wowote kujaribu. Perez alianza na baba mkwe wake, akafuata wajomba, akafuata wale walioisha wakibeba mizigo katika vita vya kwanza. Mtambo ulilia. Nzioka, ili haki itendeke, aliwataja babu zake wawili, Mulei na Wambua. Ukalia. Penfold, aliyekuwa amesimama kando na kiko mdomoni na siku mbili tu zimebaki kabla ya wageni, alimtaja amu yake Cecil aliyewahi kuwa mhandisi wa reli. Hapo ulilia mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati.

Perez alijua jina tangu mwanzo. Wote walilijua. Alimtazama Tobias, Tobias akatazama viatu vyake, ambavyo ni kweli vilikuwa vipya. Benta alikuwa mlangoni na kikapu cha kahawa kichwani. Hakukitua.

"Omondi," alisema.

Mtambo ukanyamaza, ukaanza kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Globu iliyoning'inia juu ya mlango ikawaka.

"Basi mume wako amerudi, mama," Perez alimwambia, kwa maana huo ndio utani wa kwao mtoto akichukua jina la mume wa mtu. Hakuna aliyecheka. Nzioka alipangusa mikono na kwenda kula.

Jumamosi nyumba iliwaka globu zote thelathini na sita. Wageni walicheza dansi, na mabibi walisema mwanga wenyewe ni mpole, haukuonyesha mikunjo. Penfold alizunguka na bilauri akimweleza kila mtu kwamba ndani ya mtambo wake kuna boi mmoja anaitwa Omondi, mchapakazi, na hata chakula haombi. Majirani wawili walitaka kujua wao watampata wapi wa namna hiyo. Ilijadiliwa kwa makini, juu ya nyama baridi.

Jumatatu Benta alirudi kwenye veranda. Aliona sasa mambo yamenyooka. Hata mpumbavu angeelewa, na Penfold alikuwa na sifa zote zinazohitajika ili aelewe.

"Bwana, mtambo umeshika jina la mume wangu. Jina halishikwi la mtu aliye hai. Niandikie barua."

Penfold alifikiri, jambo ambalo alilifanya akiwa ameachama. Kisha akaagiza daftari liletwe. Alikata neno *ametoroka* kwa rula, maana alipenda usafi, na juu yake akaandika mwenyewe: *yuko kazini*. Mtu aliyetoroka akarudi kwa hiari yake husamehewa, alisema, na yeye Penfold si mtu wa kuweka kinyongo. Akamzawadia Benta blanketi. Hapo Benta alihisi chuki ya kweli, chuki isiyo na haraka. Blanketi alilichukua, kwa sababu Julai ya Ruiru ina baridi.

Mwisho wa mwezi Bwana Shauri alikuja kuutazama mtambo, Penfold akimwongoza, kwa kuwa sifa zake zilikuwa zimemfikia. Alikuwa kijana mwenye soksi ndefu na Kiswahili safi cha darasani. Benta alimsubiri ndani ya nyumba ya mtambo, akamweleza yote, tangu mvua hadi simiti. Bwana Shauri alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa na adabu sana.

"Na mume wako sasa yuko wapi, mama?"

"Hapa." Benta alikanyaga sakafu kwa kisigino.

Bwana Shauri alitazama sakafu. Alipiga goti, akaigonga kwa vifundo vya vidole, hapa na pale.

"Simiti nzuri mno," alimwambia Penfold. "Haina hata ufa."

Kisha akasimama, akapangusa goti, akageukia mtambo. Haki lazima isikilize pande zote.

"Omondi, upo?"

Mtambo ukanguruma.

"Yupo," alisema, na akaandika hivyo.

Benta aliomba basi apewe pasi tu, barua ya kifo waiache. Bwana Shauri alisikitika. Mke wa mtu aliye kazini husafiri kwa ruhusa ya mume wake, ndiyo sheria, lakini hakuna anayemzuia kuuliza. Benta akauliza, kwa Kijaluo, sauti ya chini. Mtambo ukasimama. Maji yaliendelea kupita kwa nguvu ileile katikati ya gurudumu, na gurudumu halikutikisika. Kutoka nyumba kubwa ilisikika sauti ya mpishi akiuliza friji imefanya nini. Baada ya muda wa mtu kumaliza kufunga kamba za viatu, gurudumu likaendelea.

"Amekubali," alisema Bwana Shauri, na hapohapo akaandika pasi ya siku kumi na nne, akagonga muhuri. Benta Atieno, mke wa Omondi, mfanyakazi wa mtambo wa Bwana Penfold, Ruiru.

Alisafiri siku mbili. Habari zilikuwa zimemtangulia kwa mdomo wa watu wa likizo, na kule Alego alikuta kaburi limechimbwa upande wa kulia wa nyumba, tunda la yago limekatwa na kufunikwa kwa shuka, na wanawake wamekaa tayari kulia. Shemeji yake, mwalimu wa shule ya kanisa, aliomba kuona karatasi aliyosafiria. Aliisoma kimoyomoyo. Kisha aliisoma kwa sauti. Wazee wakamwomba airudie.

Benta aliwaambia kuhusu shimo, mwavuli, na watu kumi na wanne. Walimwamini. Hakuna hata mmoja aliyetia shaka, na mama mkwe alijishika kiuno akayumba. Lakini muhuri ulikuwa wa kweli, wameupima kwa kidole, na karatasi ilisema Omondi yuko kazini. Kumzika mtu ambaye serikali inasema yuko kazini ni kumuua, na wao si wauaji. Walilisema hilo kwa uzito, kama watu waliogundua jambo. Kaburi likafukiwa tupu. Waliochimba walipewa chai, wanawake wakakunja kanga zao na kwenda kuchota maji.

Asubuhi ya kuondoka mama mkwe alimletea Benta fungu la karanga zilizokaangwa.

"Mpelekee," alisema. "Na umuulize atapewa likizo lini. Mwambie nauliza mimi, mama yake."

Benta aliingia nyumba ya mtambo siku ya kumi na tatu, na kitambaa cha safari bado kichwani. Alifungua fungu, akazimwaga karanga juu ya sakafu, akazitandaza kwa kiganja.

"Mama yako anauliza likizo yako lini," alisema.

Nzioka alisubiri nje mpaka akaona Benta amekaa vya kutosha. Kisha aliingia, akazikwepa karanga, akafungua mlango wa maji, kwa sababu saa kumi na mbili ilikuwa imefika na Bwana Penfold alitaka kula kwenye mwanga.